Mbiu imelia, jambo liko wapi?

Siku hizi mbiu ya mgambo si pembe tena. Ni kipaza sauti cha betri kilichofungwa kwa mpira kwenye usukani wa bodaboda, na kijana anaendesha huku anatangaza. Katika kijiji kimoja mkoani Morogoro nilikokuwa nimefikia kwa shughuli nyingine kabisa, alipita saa kumi na mbili jioni: kesho mkutano mkuu wa kijiji, ajenda mpango wa maendeleo wa mwaka ujao wa fedha, atakayekosa atalipa faini. Kesho yake saa nne nikajisogeza chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Hadi saa sita daftari la mahudhurio lilikuwa na majina 41. Mtendaji akayahesabu mara mbili, kana kwamba majina huzaa yakiachwa juani. Kisha akasimama: akidi haijatimia, ndugu wananchi, tunaahirisha.

Wiki tatu baadaye nilipita tena. Ajenda ilikuwa moja tu, mtu wa mjini ameomba ekari 40 za bondeni, kando ya mto. Safari hii hakuna aliyetaja faini. Saa tatu na nusu madawati yaliyoazimwa shuleni yalikuwa yamejaa, watu wamekaa juu ya magogo, vijana wamepanda kwenye tangi la maji, na mtendaji ameshafungua daftari jipya. Bibi mmoja, kanga moja kajifunga na nyingine kajitwika kichwani kukinga jua, aliuliza swali lililomfanya afisa ardhi kutoka wilayani ainamie ramani yake kwa muda mrefu: "Mwanangu, hizo ekari zinaanzia wapi? Maana kama zinaanzia kwenye ule mkuyu, umetuzibia njia ya kunyweshea ng'ombe. Kama zinaanzia chini ya mkuyu, tuzungumze." Wakazungumza hadi saa kumi. Maombi yakarudishwa kwa mwenyewe.

Kijiji kile kile, mtendaji yule yule, mwembe ule ule. Tangu siku hiyo nimeacha kuiamini kauli inayorudiwa kwenye kila semina, kwamba wananchi wa vijijini hawana mwamko wa kushiriki mipango ya maendeleo. Mwamko wanao. Wanachofanya ni kupiga hesabu: mkutano upi una uamuzi ndani yake, na upi una orodha tu. Mtu mwenye shamba la kupalilia hapotezi siku yake kwa ajili ya orodha.

Kwenye karatasi kijiji cha Tanzania kina meno. Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la kuwapo kwa serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Sheria Namba 7 ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kuwa chombo cha juu kabisa kijijini. Unatakiwa kuketi walau mara moja kila miezi mitatu, na chini yake ipo halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, wasiopungua robo wakiwa wanawake. Vijiji vya namna hiyo Tanzania Bara ni zaidi ya 12,000. Ukiisoma sheria hiyo peke yake utadhani mkurugenzi wa wilaya huenda kijijini kubisha hodi na kuomba ruhusa.

Wazee wanajua kwamba karatasi na lori ni vitu viwili. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki maamuzi na kazi zinazowahusu. Wakati anaandika hivyo, mfano hai ulikuwapo Songea: vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, waliokuwa wameingia porini Litowa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, wakakuza chama cha maendeleo cha Ruvuma kilichounganisha vijiji zaidi ya kumi na tano. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga, mashine ya kupasua mbao, na vikao vya kupanga kazi ambavyo ofisa yeyote wa mkoa hakuwa na kiti cha mbele ndani yake. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho cha Ruvuma na mali zake zikachukuliwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa. Mwezi Novemba 1973 likatoka tamko kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu vijijini awe anaishi katika kijiji, apende asipende. Mamilioni wakahamishwa, wengi kwa malori, wengine nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa nyuma yao ili wasirudi.

Nayataja haya kwa sababu moja. Mpango huo wa kuhamisha watu, ulioitwa Operesheni Vijiji, nao ulikuwa na mikutano. Watu waliitwa, wakaelezwa, wakapiga makofi. Kizazi kilichopiga makofi yale ndicho kilichowalea wanaokaa leo pembeni ya mkutano wakichokonoa ardhi kwa kijiti, na kijiti kile kina kumbukumbu ndefu kuliko semina zetu.

Halmashauri zilirudi miaka ya 1980, na mwaka 1998 ikaja sera ya kuboresha serikali za mitaa, ile ya ugatuaji wa madaraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo vijiji vikaletewa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao watumishi huuita kwa kifupi chake cha Kizungu, O&OD. Ni utaratibu mzuri, na sisemi hivyo kwa kejeli. Nimewahi kukaa ndani ya zoezi lake kama mwandishi wa kumbukumbu. Wanawake walipewa uwanja wao na wanaume wao, kila upande uchore ramani ya kijiji chini kwa majivu, magunzi na mawe. Wanaume walimaliza kwanza: barabara, ofisi, msikiti, kanisa, josho, vilabu viwili vya pombe. Ramani ya wanawake ilikuwa na visima saba, vitatu kati yake wamevipiga alama ya msalaba kwa magunzi. Mwezeshaji akauliza alama ile ni ya nini. Hivyo hukauka Agosti, akajibiwa. Mwenyekiti wa kijiji, mzaliwa wa pale, alisimama juu ya ile ramani mikono nyuma, kimya, halafu akasema taratibu kwamba kisima cha tatu hakujua kama kinakauka.

Hicho ndicho kitu ambacho mtaalamu hawezi kukileta na gari. Kalenda ya msimu, nani ana njaa mwezi gani, mto unahama upande upi, mzee gani akikataa hakuna atakayekubali. Tulitoka pale na karatasi za bango zimekunjwa kama mikeka, vipaumbele vimepangwa kwa kura za mahindi: cha kwanza maji, cha pili daraja la kwenda kata ya jirani, cha tatu nyumba ya mganga wa zahanati.

Kisha karatasi zile zikaanza safari yao ya kwenda juu, na huko ndiko jambo linakopotelea.

Kwa utaratibu, mpango wa kijiji huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha ukaingia halmashauri ya wilaya, ukachambuliwa na wataalamu na kupitishwa na baraza la madiwani. Sasa chukua vipaumbele vitatu vya kijiji chochote unachokijua. Niko tayari kuweka dau la kilo ya sukari kwamba viwili kati yake vimo miongoni mwa maji, barabara na umeme. Barabara za vijijini zilitoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini yalitoka mwaka 2019 yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kamati za maji za vijiji zikapisha vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, ambavyo mara nyingi hukusanya vijiji kadhaa pamoja. Umeme ni wa REA, wakala wa nishati vijijini, na TANESCO, shirika la umeme. Sisemi kwamba wakala hizi zimefanya vibaya. Zipo barabara ambazo halmashauri isingezigusa mpaka kiama, na mabomba yanayotoa maji leo kwa sababu mtaalamu wa maji haombi tena mafuta ya gari kwa afisa utumishi. Ila mlango ambao mwananchi ameelekezwa kubisha ni wa halmashauri, na mwenye ufunguo amehamia nyumba nyingine. Bajeti ya wakala hupangwa kwa vigezo vya kitaalamu na ramani ya mkoa au ya taifa. Karatasi ya bango yenye visima saba vya majivu inapokelewa masjala, inapigwa muhuri, inalala.

Kinachobaki halmashauri ni shule, zahanati, kilimo na mifugo, na hapo tunakutana na neno ambalo kila mtendaji analijua na wananchi wachache mno wamewahi kulisikia: ukomo wa bajeti. Ni kiasi ambacho Hazina inaiambia halmashauri, mwisho wenu ni hapa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vijiji huombwa mipango miezi mingi kabla, na ukomo hufika halmashauri mara nyingi wakati karatasi za vijiji zimeshakusanywa. Kwa hiyo kijiji hupanga kikiwa hakina kiasi chochote mbele yake. Fikiria mama anamtuma mtoto dukani, hampi hela, hamwambii ananunua kwa shilingi ngapi, anamwambia tu: orodhesha unavyovitaka. Mtoto ataorodhesha soda, biskuti, baiskeli. Akirudi mama anamsonya: mtoto huyu hana akili ya kupanga.

Nimesikia maneno hayo hayo yakisemwa kuhusu watu wazima. Afisa mipango mmoja, mtu mwema na mchapakazi, alinionyesha kabati lenye mipango ya vijiji vya wilaya nzima akasema: hawa wanaomba kila kitu, hawajui kuchagua. Nikamuuliza kama kuna mwaka wowote kijiji kimewahi kuambiwa kiasi, japo cha kukisia, ili kichague ndani yake. Akacheka, akafunga kabati. Hakucheka kwa dharau. Yeye mwenyewe alikuwa anasubiri ukomo wake.

Wananchi hawa hawa, wanaposhika mfuko wenyewe, huchagua kwa ukali unaotisha. Nenda kwenye kikundi chochote cha kuweka na kukopa cha kina mama, uone mkopo wa shilingi 50,000 unavyochambuliwa: biashara gani, mume anajua, mwaka jana ulichelewesha mara ngapi. Watu wanaoweza kufanya hivyo kila Alhamisi hawawezi kugeuka mabwege Jumamosi chini ya mwembe.

Mahali pa kuona gharama ya kupanga bila mfuko ni kwenye maboma. Msomaji wa mjini anaweza kudhani nazungumzia ngome. Boma, kwa lugha ya halmashauri, ni jengo la darasa au zahanati lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, likasubiri serikali ilete bati. Kila kaya imetoa matofali, wanawake wamesomba maji na mchanga, fundi kalipwa kwa michango, na asiyechanga kapelekewa mgambo. Kisha subira. Mvua ya kwanza, ya pili, ya nne. Tofali la udongo usioiva vizuri linaanza kurudi kuwa udongo. Wakati mwingine bati hutoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 na ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Basi kijiji chenye njia kwa mbunge kinaezeka mapema kuliko chenye hoja. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yakajengwa madarasa 15,000 kwa mwendo ambao hatujawahi kuuona. Watoto wamekaa, hilo ni jema na lisibezwe. Ila kuna shule niliyoiona ambako darasa jipya lenye vigae na madirisha ya aluminiamu limesimama hatua ishirini kutoka boma la wananchi lililofika lenta. Hakuna aliyerudi kwa wenye boma kuwaeleza kwa nini pesa ilijenga la pembeni badala ya kumaliza la kwao. Pengine sababu ilikuwepo na ilikuwa nzuri. Mwalimu mkuu alipoitisha tena mchango wa nyumba ya walimu, mzazi mmoja alimwonyesha kidole lile boma, akaondoka.

Turudi kwenye ardhi, kwa sababu huko ndiko tunaona wananchi hawa hawa wakiwa watu wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa kama mdhamini tu wa ardhi ya kijiji, na inaikataza kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji nao, ambao una sheria yake ya 2007, hauwi mpango mpaka mkutano mkuu uukubali: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hii ndiyo njia ya mifugo. Kosea mstari huo na matokeo si karatasi kulala masjala. Kilosa, Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kila mtu mkoani Morogoro anajua mstari wa malisho una maana gani, na ndiyo maana bibi yule alijua mkuyu uko wapi.

Ardhi ikizaa pesa inayobaki kijijini, mambo hubadilika zaidi. Kilwa ni mfano ninaoupenda. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la MCDI, misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, kinachotambulika kimataifa kwa msitu unaovunwa kwa uangalifu, ikawa misitu ya asili ya kwanza inayosimamiwa na wanajamii barani Afrika kupata cheti hicho. Mti wenyewe ni mpingo, ule unaotengenezewa klarineti na filimbi za Ulaya, ambao kwa miaka mingi ulitoka Kilwa usiku kwa bei ya kutupa. Nanjirinji wakafuata, nao wakaanza kuuza mbao na kujijengea kwa fedha yao. Hebu ona swali linavyogeuka. Mkutano mkuu wa huko hauulizwi mnataka nini. Unaambiwa: tumeuza kiasi hiki, doria ya msitu imekula hiki, kilichobaki ni hiki, tufanyeje? Anayetaka kisima lazima amjibu anayetaka darasa, uso kwa uso, na fedha iko pale pale mezani, haitoshi vyote viwili. Huko ndiko kupanga. Kunachosha, kunagombanisha, na kesho yake watu wanasalimiana.

Wahadzabe wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu wamefanya la kwao, kwa njia nyingine. Mwaka 2011 walipata hati ya kumiliki ardhi kimila kwa pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, juu ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyao, na baadaye wakaanza kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ile hewa ambayo msitu wanaoutunza unaihifadhi. Jamii ambayo serikali za awamu mbalimbali zilijaribu kuihamishia kwenye nyumba za bati na kilimo imeishia kuwa na mpango wa maendeleo ambao kipengele chake cha kwanza ni kwamba pori libaki pori. Hakuna mwezeshaji angelithubutu kuandika hicho kama kipaumbele namba moja.

Sitaki msomaji adhani kwamba ukishawapa wananchi uamuzi basi kila kitu ni asali. Kisarawe iko jirani na Dar es Salaam, mtu anaweza kwenda kuuliza. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilikuja na mibono ya kutengeneza mafuta ya magari. Vijiji 11 vikaachia hekta 8,211. Mikutano ilifanyika, muhtasari ukaandikwa, ahadi zikatolewa za ajira, zahanati, barabara, visima. Mwaka 2011 kampuni ikafunga. Ajira zikaisha, ahadi nyingi zikabaki kwenye muhtasari, na watu wakakuta wanazuiwa kuingia sehemu walizokuwa wakichota maji na kuchoma mkaa. Kwa nini ardhi haikurudi tu? Kwa sababu ili mwekezaji wa nje aipate, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali kuu, na ikishakuwa hivyo si ya kijiji tena, mwekezaji abaki au akimbie. Tena ukisoma kwa makini, mkutano mkuu una kauli ya mwisho pale tu eneo linapokuwa chini ya hekta 250. Likizidi hapo kijiji kinatoa maoni, Waziri anaamua. Yaani jambo likiwa dogo mnaamua, likiwa la kuwabadilishia maisha wajukuu zenu mnashauri.

Ule mkutano wa Kisarawe haukukosa watu. Ulikosa mtu wa kuwaambia kwamba wanachosaini hakina njia ya kurudia. Kwangu hilo ndilo jambo la pili, baada ya mfuko: kujua. Ushiriki wa mtu aliyeonyeshwa nusu ya mkataba ni ushahidi wa kumfunga baadaye.

Majirani wamejaribu vipande tofauti vya jambo hili. Kaunti ya Makueni nchini Kenya, chini ya Gavana Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, ilianzisha vikao kuanzia kijijini kupanda hadi jukwaa la kaunti nzima, na kila mradi ukawa na kamati iliyochaguliwa na wananchi wenyewe. Bila kamati hiyo kutia saini kwamba kazi imefanyika, mkandarasi halipwi. Saini hiyo moja imefanya zaidi ya mabango elfu ya kuhamasisha, maana mkandarasi aliyezoea kumsalimia mhandisi tu sasa anajua jina la fundi cherehani aliye kwenye kamati. Uganda wao wameshika upande wa fedha. Mpango wao wa maendeleo ya parokia, kwa maana ya eneo la utawala na si ya kanisa, ulizinduliwa na Rais Museveni huko Kibuku tarehe 26 Februari 2022: kila parokia, na ziko zaidi ya 10,000, ipate shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, kaya ikope hadi milioni moja. Mzuri kwa kuwa kila mtu anajua namba. Lakini fedha imeshaamuliwa itakuwa nini, ni mikopo ya kaya, basi. Parokia inayohitaji kivuko ina mfuko uliojaa usioweza kununua kivuko.

Sisi tuna kikao ambacho Waganda hawana cha nguvu hiyo na sheria ambayo Makueni wangeitamani. Tulichokosa ni kuviunganisha na shilingi. Halmashauri haiwezi kugawa isichokuwa nacho, najua, na mapato ya ndani ya wilaya nyingi za vijijini ni ushuru wa mazao unaopanda na kushuka na mvua. Lakini kukisia inaweza. Kuiambia kata: kwa miaka mitatu iliyopita mmepata wastani huu, pangeni miaka mitatu ijayo ndani ya wastani huu, tukipata zaidi tutarudi. Kata ziko karibu 4,000, na takwimu hizo ziko kwenye kompyuta ya mweka hazina. Mameneja wa TARURA na RUWASA wa wilaya nao waje wakae kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata wakiwa na orodha yao mkononi, waulizwe na wajibu palepale, wasiishie kutuma mwakilishi wa kuandika hoja. Dira mpya ya maendeleo ya taifa, ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025 itateremshwa vijijini, bila shaka, kwa semina na fulana. Ningeomba iteremke na namba.

La mwisho ni dogo mno, karibu naona haya kulitaja. Nilipokuwa pale Morogoro nilipitisha muda kwa kusoma ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Ulikuwa na tangazo la chanjo ya mbwa, picha ya mtoto aliyepotea na kupatikana, ratiba ya ligi ya kitongoji, na karatasi ya mapato na matumizi ambayo jua lilikuwa limeshafuta upande wa matumizi. Nikamuuliza mtendaji ule mpango wa mwaka jana, vile vipaumbele vitano walivyopeleka wilayani, vilijibiwa nini. Akafikiri. Akasema barua ya kukataa haikuja, ya kukubali haikuja. Nikamuuliza kama angepata karatasi moja yenye mistari mitano, tuliomba hiki, tumepata au tumekosa, sababu ni hii, angeibandika? Akaangalia ubao, akasogeza tangazo la mbwa kidogo kushoto kwa kidole gumba, akapima ile nafasi kwa kiganja.

"Ingetosha hapa," akasema.